Barua kwa mwanangu: kaseti za miksi za redio

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Umeniuliza mambo mawili kuhusu zile kaseti za miksi za redio ulizozitoa kwenye boksi: kwa nini zinasikika kama muziki unapigwa chumba cha pili mlango umefungwa, na kwa nini mtu ahangaike nazo ilhali nyimbo zote zilizomo zipo mtandaoni.

Nianze na la pili, maana ndilo limenigusa. Nyimbo zipo, ndiyo. Miksi haipo. Zile sekunde ishirini ambapo wimbo mmoja unaaga na mwingine unapiga hodi, besi ya huu imeshushwa, ngoma za ule zinapanda, na mtangazaji anataja saa katikati yake, hazikuwahi kuuzwa kwenye santuri yoyote. Zilipita hewani usiku mmoja. Stesheni nyingi hazikuhifadhi vipindi vyao vya muziki, kwa hiyo vilivyobaki vimebaki kwa sababu msikilizaji fulani alikaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi. Hata zile miksi za WBMX, stesheni ya redio ya Chicago, Marekani, za miaka ya 1980, nyingi tunazozisikia leo zimetoka kwenye kaseti za wasikilizaji. Huenda iliyo mkononi mwako ndiyo nakala pekee. Kwa hiyo hangaika nazo, mwanangu.

Kabla kaseti haijaingia kwenye mashine yoyote, tazama ukingo wake wa juu, ule ulio mkabala na utepe unapochungulia. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kila kona. Vivunje vyote viwili kwa ncha ya bisibisi. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na hakuna atakayefuta miksi kwa bahati mbaya.

Sasa hiyo sauti iliyofunikwa. Usiulaumu utepe kabla hujaichunguza mashine. Utepe wa kaseti unapita mbele ya hedi, kile kipande cha chuma kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, wimbi moja la sauti ya 10,000 Hz (mitetemo 10,000 kwa sekunde), kama mchakacho wa matoazi, linachukua nafasi isiyofika milimita 0.005 kwenye utepe. Uchafu mwembamba kuliko unywele ukikaa juu ya hedi unatosha kuuondoa utepe pale unapopaswa kugusa, na sauti za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Chukua pamba ya kijiti, ichovye kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, usugue uso wa hedi na kile kijiti cha chuma kinachozunguka kando yake hadi pamba itoke nyeupe. Mara ya kwanza itatoka ya kahawia. Hiyo ni kutu ya sumaku iliyobanduka kwenye tepe zilizopita. Rola ya mpira isafishe pia, ila usiilowanishe. Subiri dakika chache ikauke. Kaseti kuukuu zinachafua haraka, kwa hiyo rudia kila baada ya kaseti mbili au tatu.

Kama bado imefunikwa, basi huenda ni pembe ya hedi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bure. Mashine iliyorekodi miksi ilikuwa na hedi iliyoinama kidogo upande mmoja. Yako imeinama kivyake. Mistari ya sauti kwenye utepe na mwanya wa hedi yako, ule ufa mwembamba unaosoma sauti, havilingani, na matoazi yanamezwa. Tazama chini ya hedi: kuna skrubu mbili, na moja imekaa juu ya springi ndogo. Hiyo ya springi ndiyo ya kurekebisha. Kwenye redio kaseti nyingi kuna kitundu mlangoni ambacho, kaseti ikiwa inacheza, kinaangalia skrubu hiyo moja kwa moja.

Iweke alama ya kalamu kwanza, ujue ilikuwa wapi. Kisha weka sauti katika mono, yaani kushoto na kulia vikichanganywa pamoja, cheza mahali mtangazaji anaongea, na zungusha skrubu taratibu sana, isizidi robo ya mzunguko kwenda huku au kule. Sikiliza herufi “s” za mtangazaji. Katika mono, pembe ikiwa mbaya, pande mbili zinachelewana kidogo na zinafutana, kwa hiyo kosa linasikika wazi. Ukifika penyewe, “s” zinafunguka ghafla kama pazia limevutwa. Nakuambia kweli, sauti ambayo watu wanadhani imekufa kwa uzee inarudi papo hapo. Kaseti zilizorekodiwa na mashine moja zitakubaliana, lakini upande B wakati mwingine unataka marekebisho yake. Ukimaliza, rudisha skrubu kwenye alama.

Kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza kelele za utepe, kiache kimezimwa kama lebo haikusema. Redio kaseti nyingi hazikuwa nacho, na ukikiwasha kwa utepe uliorekodiwa bila hicho, unafunika tena sauti uliyotoka kuifungua.

Yapo makosa yaliyorekodiwa pamoja na muziki, na hayo hayaondoki kwa bisibisi. Mluzi mwembamba usiobadilika kwenye miksi iliyotoka masafa ya kati ni mgongano kati ya redio na saketi ya kurekodi ndani ya mashine ileile. Ndiyo sababu redio kaseti nyingine zilikuwa na swichi ndogo nyuma ya kuuhamisha. Sauti inayovimba kila DJ anaponyamaza inatokana na mashine iliyojipandishia kiwango yenyewe. Mwangwi hafifu unaosikika kabla ya wimbo kuanza ni sumaku iliyovuja kutoka mzunguko mmoja wa utepe kwenda wa jirani, hasa kwenye kaseti za dakika 90 na 120, ambazo tepe zake ni nyembamba. Yaache.

Kaseti ambayo utepe wake umekatika inaungika. Kama gamba lina skrubu tano, lilaze upande A juu, fungua, na piga picha njia ya utepe kabla hujagusa kitu. Usipoteze kile kipande cha sponji juu ya springi ya shaba. Ndicho kinachousukuma utepe kwenye hedi, na gundi yake ikikauka kinadondoka, na sauti inafifia. Pandanisha ncha mbili zilizokatika, zikate pamoja kwa mshazari kwa wembe, zikutanishe bila kupandana. Bandika kipande cha sentimita mbili cha utepe wa gundi maalumu wa kuungia tepe kwenye uso unaotazama ndani ya kaseti, kwani sauti iko kwenye uso wa nje. Selotepu ya kawaida usiitumie kabisa: gundi yake inachuruzika pembeni na kushika mzunguko unaofuata. Utepe uliokunjamana usikate. Unyooshe kwa kidole na uuache ucheze. Afadhali sauti iyumbe sekunde mbili kuliko ipotee. Na kama mashine ndiyo iliyoutafuna, kagua belti inayozungusha upande unaopokea utepe. Ikilegea, utepe hauvutwi, unajaa mahali pamoja na kujizungusha kwenye rola.

Kunakili kwenyewe ni rahisi. Kwanza kimbiza kaseti yote hadi mwisho na urudishe, ili mizunguko iachane. Toa sauti kwenye tundu la line out (la kutolea sauti) la deki, yaani mashine ya kaseti, ingiza kwenye kadi ya sauti ya kompyuta, kamwe si kwenye tundu la maikrofoni. Rekodi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la biti 24, 44,100 Hz. Redio ya FM haikurusha sauti ya juu kuliko 15,000 Hz, kwa hiyo kuipandisha hiyo 44,100 ni kujaza nafasi tu. Vilele vya sauti viishie karibu na −6 dB kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Upande mmoja wa dakika 45 utachukua kama MB 714. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, inatosha.

Faili hilo la kwanza usiliguse tena. Ukitaka kupunguza mchirizi, ile “sss” ya utepe wenyewe, fanya kwenye nakala, na kidogo sana: mchirizi na matoazi vinakaa pamoja, na programu ikiuondoa mchirizi inaacha matoazi yakisikika kama yako ndani ya maji. Usikate nyimbo moja moja. Usitoe matangazo ya biashara wala taarifa ya habari. Humo ndimo utakamoipata tarehe, kama lebo imefifia.

Kuhusu kasi, usijaribu kulinganisha na santuri. DJ alikuwa akizichezea kwa makusudi: Technics SL-1200MK2 ya 1979, mashine ya kuchezea santuri, inaruhusu kupandisha au kushusha kasi hadi asilimia 8, na ndiyo sababu moja programu za kutambua nyimbo mara nyingi zinashindwa na miksi hizi. Ukiirudisha santuri kwenye kasi yake, umeifuta kazi ya DJ. Tafuta badala yake milio ya saa. Kama stesheni ilikuwa ikiunganisha na BBC saa kamili, vile vipigo sita ni vya 1,000 Hz. Vikisomeka 1,030, jumla ya makosa ya kasi ya mashine zote mbili, iliyorekodi na yako, ni asilimia 3, na hapo unaweza kurekebisha kwa haki.

Pale kaseti ilipogeuzwa, kuna pengo. Mwanzo na mwisho wa kila kaseti ni plastiki isiyoshika sauti, kama sekunde tano hivi, jumlisha na muda wa mkono kuigeuza. Usiliunganishe pengo hilo kana kwamba halikuwepo. Acha kimya cha sekunde mbili. Akitokea mwenye kaseti ya usiku uleule aliyegeuza kwa wakati tofauti, pengo lako litajazika kutoka kwake.

Jizoeze kuunga kwenye kaseti isiyo na kitu kwanza. Ile iliyokatika iwe ya mwisho, na kila lebo ipige picha kama ilivyo, pamoja na makosa ya tahajia.

Mimi mama yako