Kwenda Kidepo wakati wa kiangazi

Ndugu, umeuliza kama Januari inafaa kwa safari ya gari kutoka Kampala hadi Hifadhi ya Bonde la Kidepo, eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Inafaa sana, kwa sababu wakati huo Mto Kidepo hubaki mchanga mtupu katikati ya miti ya mivumo, nao tembo na nyati hukusanyika katika Bonde la Narus, ambako maji hudumu zaidi. Pitia Gulu na Kitgum, na usiondoke Kitgum kabla ya kujaza mafuta, kununua maji ya kunywa na kukagua tairi la akiba. Ukitaka kupanda Mlima Morungole, wenye mita 2,749, wanakoishi watu wa kabila la Waik, nakusihi uwaone kwanza askari wa hifadhi wakupatie mwongozaji, kisha uanze alfajiri, kabla jua halijawa kali.