Kabla hujabadilisha rangi ya kitufe

Wewe unayeanza kazi ya kutunza tovuti za biashara hapa Bagamoyo, nakuomba jambo moja. Mteja akikuambia "tovuti haileti wageni", usikimbilie kubadilisha rangi wala picha. Kaa kwanza utazame watu wanavyoitumia.

Mwaka wangu wa kwanza nilitunza tovuti ya nyumba moja ya wageni karibu na ufukwe. Takwimu zilionyesha watu wanafika hadi kwenye fomu ya kuomba chumba, halafu wanapotea. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliamini bei ndizo zinazowafukuza. Nikamuunga mkono bila ushahidi wowote, akazishusha. Msimu mzima ukapita, hali ileile.

Ndipo nikaweka Microsoft Clarity, programu isiyolipiwa inayorekodi jinsi kila mgeni anavyoitumia tovuti, nikaanza kutazama rekodi. Mgeni wa tatu alijaza jina, tarehe, idadi ya watu, namba ya simu. Akabonyeza "Tuma". Kimya. Akabonyeza tena na tena, nikahesabu mara saba. Akapanda juu, akashuka, akafuta namba, akaiandika upya, akaondoka. Namba yenyewe sikuiona, kwa sababu Clarity huficha yanayoandikwa kwenye fomu. Niliona nukta tu. Kwa hiyo nilijua amekwama wapi, ila sikujua kwa nini. Nikachukua simu yangu, nikajaza kama yeye, namba nikaianza na sifuri kama tunavyoandika sote. Fomu ikakataa. Ilitaka +255, na ujumbe wa kosa ulikuwa umejificha juu kabisa ya ukurasa. Yule mama alipoteza fedha msimu mzima kwa sababu ya sifuri moja, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Rekodi hizi si video, na hili huwachanganya wengi. Programu huhifadhi muundo wa ukurasa na kila tukio, mguso au kusogeza, kisha huujenga upya unapotazama. Ukiona picha zimepotea au mpangilio umevurugika, usimpigie mteja simu ukisema tovuti imeharibika. Ifungue mwenyewe kwanza.

Ramani za joto, yaani picha ya ukurasa iliyopakwa rangi kuonyesha watu wanapogusa zaidi, nazo zina mtego wake. Tenganisha za simu na za kompyuta, maana kwenye simu hakuna kishale cha kufuatilia. Kuna miguso na umbali ambao mtu ameshuka tu. Ukiona wekundu umejaa juu ya picha ya chumba, usifurahi haraka. Huenda watu wanadhani picha inafunguka, nayo haifunguki.

Kuhusu kampuni gani uchague, usijisumbue sana. Hotjar ilianzia Malta mwaka 2014, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Contentsquare ya Ufaransa. Nayo kazi yake ni hiyohiyo. Weka moja tu. Kila msimbo unaoongeza unakula bando la mgeni na kuchelewesha ukurasa, na mtandao wetu unaujua.

Ila kwenye kuficha taarifa sitaki masihara. Usizime kinga ili uone zaidi, hata mteja akikusihi. Jina la mtu, namba yake na usiku anaolala ugenini si vyako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Isome, na uandike kwenye tovuti, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba matumizi yanarekodiwa na kwa sababu gani.

Nilipomaliza kurekebisha ile fomu, nilimpa simu dada wa mapokezi, simu yake mwenyewe, yenye kioo kidogo. "Omba chumba cha watu wawili," nikamwambia, kisha nikanyamaza. Akajaza vizuri hadi kwenye namba, akasita. Akaniuliza, "Kaka, sasa natuma wapi?" Kibodi ilikuwa imefunika kitufe chote. Nikarudi kwenye meza.