Gari na dereva India: panga safari kwa siku ya dereva, si kwa ramani

Hapa Tanga ukitaka gari la kwenda harusini Lushoto, mazungumzo hayamalizi kikombe cha kahawa. Noah kiasi gani kwa siku, mafuta ya nani, dereva mtamlisha, basi. Sherehe ikichelewa kuisha, dereva naye yumo humohumo na sahani yake ya pilau, na mkirudi usiku wa manane hakuna anayefungua daftari. Ukiubeba utaratibu huo kama ulivyo ukaenda nao India, kila mlichoacha kukisema kitakurudia siku ya mwisho kikiwa na bei.

Nasema India kwa sababu ndiko nilikozunguka na familia kwa gari la kukodi: Delhi, Agra, Jaipur, Ajmer. Na watu wa kwetu wengi wanakwenda huko, wa matibabu, wa biashara, wa ziyara. Tulikuwa mie, mama, shangazi, mdogo wangu na mkewe. Vijana walitaka Taj Mahal. Wazee walitaka Ajmer, kwenye kaburi la walii Khwaja Moinuddin Chishti, na wakasema waziwazi kwamba hilo jengo jeupe wataliangalia kama liko njiani. Treni zipo na ni nzuri tu, lakini ukiwa na mama mwenye goti linalouma na masanduku yaliyojaa zawadi tangu siku ya kwanza, gari linashinda.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo pesa inapopotelea. Kampuni nyingi za huko hutoza kwa kilomita, lakini zinaweka kiwango cha chini kwa siku, mara nyingi kilomita 250. Gari hata likishinda limeegeshwa chini ya mwarobaini, siku hiyo umeshalipia 250. Chukua karatasi. Delhi hadi Agra ni kilomita kama 230. Agra hadi Jaipur 240. Jaipur hadi Ajmer 135, kwenda na kurudi 270. Jaipur kurudi Delhi 280. Jumla 1,020, na ukiongeza mizunguko ya mjini tuseme unafika 1,150. Safari hiyo ukiipanga kwa siku sita, kiwango cha chini kinakuwa 1,500. Kuna kilomita 350 unazilipia bila kuzitembea, nayo ni Tanga hadi Dar nzima.

Watu wakiona hivyo hukimbilia kukata Ajmer wakidhani wanabana matumizi. Hawabani kitu kama siku zimebaki zilezile. Kilomita za Ajmer zimo ndani ya zile ulizokwisha kuzilipia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni liwe hili: hicho kiwango kinajumlishwa kwa safari nzima, au kila siku inahesabiwa peke yake? La pili: kilomita zinaanza kuhesabiwa wapi? Kawaida ni gerejini kwao hadi gerejini kwao, si mlangoni kwa hoteli yako. Mie nilipendelea bei ya jumla, iliyotajwa mara moja na kufungwa, nikawaandikia kwa WhatsApp yote nilivyoelewa yamo ndani: mafuta, ushuru wa barabara, maegesho, kodi ya gari kuingia majimbo ya Uttar Pradesh na Rajasthan, posho ya dereva ya kulala nje. Nikaomba wajibu kwa kuandika, si kwa sauti. Ushuru wa barabara usiudharau. Kwetu hatujauzoea, huko barabara kuu zina vituo kila baada ya mwendo, na pesa inakatwa kwa stika iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Huoni noti ikitoka, unaletewa jumla tu.

Angalia na namba za gari. Kwetu gari la mtu binafsi lina namba za njano na la biashara lina nyeupe. India ni kinyume chake: gari lenye kibali cha kubeba abiria wa kulipa lina namba za njano, nyeupe ni la mtu na familia yake. Ukiletewa gari la namba nyeupe eti ni la binamu yake bosi, likataeni palepale. Likikamatwa mpakani mwa jimbo, mnaokaa juani kando ya barabara ni ninyi.

Kuhusu aina ya gari, kwa watu watano wazima Toyota Innova inatosha, ila viti vya nyuma kabisa vikikaliwa, buti linabaki la kuweka mikoba tu. Masanduku yanapanda juu ya kerea. Ulizia kama kerea ipo, na turubai, na kamba. Sisi kila asubuhi tulimtazama dereva akifunga masanduku yale kwa kamba moja ndefu, anaipitisha, anaivuta kwa goti, anaigonga kwa kiganja kama mtu anayepima tikiti, na shangazi amesimama chini anahesabu masanduku kwa sauti. Mkifika tisa au kumi ombeni Tempo Traveller, yaani kibasi kidogo.

Nije kwenye lenyewe. Ukikodi gari na dereva, gari ni sehemu ndogo ya ulichonunua. Umenunua saa za mtu mmoja, na mtu huyo ana usingizi, ana njaa, na ana bosi. Ramani itakuambia Agra hadi Jaipur ni saa nne na kitu, nawe utaanza kuchomeka miji katikati. Huku kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini hata huyo mja wa leo hakupitia miji mingine mitatu kabla ya kufika. Siku moja, mji mmoja wa kulala, na kituo kimoja cha maana njiani. Zaidi ya hapo unamwendesha dereva hadi usiku, na barabara za huko usiku zina matrekta yasiyo na taa, ng'ombe waliolala, na malori yanayokuja upande wako kwa sababu tu ni njia ya mkato. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo utayaona hayo yote vizuri kabisa ukiwa umekaa nyuma.

Delhi hadi Agra ni rahisi kwa barabara mpya, Yamuna Expressway, kilomita 165 zilizofunguliwa mwaka 2012, imenyooka kama rula. Muda unaliwa na kutoka Delhi na kuingia Agra. Siku ya Agra kwenda Jaipur ndiyo ya kuitunza. Kilomita kama 40 baada ya Agra kuna Fatehpur Sikri, mji aliouanza mfalme Akbar mwaka 1571 na kuuacha kabla haujazeeka, na ndani ya ua wa msikiti wake kuna kaburi la marumaru nyeupe la Sheikh Salim Chishti. Wazee wetu walishuka hapo bila kulazimishwa. Mbele zaidi, ukiacha barabara kuu, kuna kijiji cha Abhaneri, chenye kisima cha kale cha ngazi kama 3,500 zinazoshuka pande tatu hadi majini. Ni vituo viwili vizuri. Chagueni kimoja kama mna wazee, na mtoke saa mbili asubuhi.

Majira yanaibadilisha siku ya dereva kuliko kitu kingine chochote. Desemba na Januari kuna ukungu kwenye tambarare ya Delhi na Agra, ukungu wa kutoona boneti. Dereva akikuambia tusubiri hadi saa nne, msubirini. Usimwonyeshe ratiba. Mei na Juni joto linapita nyuzi 40, na sisi tunaojiona watoto wa pwani tusijidanganye, lile si joto la Raskazone lenye upepo. Julai hadi Septemba ni mvua. Oktoba, Novemba, Februari na Machi ndiyo miezi ya kwenda na mama.

Halafu kuna Ijumaa. Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa, na nimeshawasikia watu waliokwenda hadi Agra wakaliona kwa mbali, ng'ambo ya mto. Panga Ijumaa yako iwe Delhi, ukaswali Jama Masjid, ule msikiti uliojengwa na mfalme Shah Jahan, huyohuyo aliyejenga Taj, kisha ule nyama choma kwenye vichochoro vya nje yake. Ajmer nako Ijumaa kunafurika, na vichochoro vya kuelekea dargah, yaani kwenye lile kaburi la Khwaja, ni vyembamba. Gari linaachwa mbali mnamalizia kwa bajaji za umeme au kwa miguu. Pale ndani watu watakuja na maua, na shuka la kufunika kaburi, na daftari la michango lenye majina ya waliotangulia kutoa na viwango vyao vikubwa. Amueni sadaka yenu mkiwa bado garini, mwekeni mmoja awe mshika pesa, na wengine waingie mikono mitupu. Shangazi alilisukuma lile daftari kwa adabu, akasema "Allah anajua", akaendelea na dua yake.

Maduka. Kila dereva wa njia hiyo ana maduka yake: mazulia, marumaru, na Jaipur vito. Hapati mshahara mnono, na kamisheni ya dukani ni sehemu ya kipato chake, kwa hiyo usimchukie, ila zungumza naye mapema. Mie nilimwambia asubuhi ya kwanza, kabla injini haijawaka: "Hatununui mazulia wala vito. Ukitufikisha salama bila maduka, bahashishi yako nitakupa mwenyewe mkononi siku ya mwisho." Akacheka chini ya masharubu. Jaipur akajaribu mara moja, tena kupitia kwa mama.

"Mataji, dakika tano tu. Kuangalia ni bure."

Mama hakuelewa zaidi ya lile Mataji, yaani mama kwa heshima, lakini mwendo wa mfanyabiashara anaujua, ameuza vitenge Ngamiani miaka yote. "Mwanangu," akamjibu kwa Kiswahili, "twende tukale." Tukaenda tukala. Na kwa chakula, mwambie hutaki ile mikahawa mikubwa ya watalii yenye mabasi nje. Mwambie akupeleke anapokula yeye. Dal, yaani mchuzi wa dengu, chapati za moto na chai ya maziwa kwenye kibanda cha madereva wa malori viliwapendeza wazee wetu kuliko bufee yoyote, na bei ilikuwa ya kibinadamu.

Dereva si mwongoza wageni. Anakufikisha getini anaegesha, historia si kazi yake. Mkitaka maelezo, chukueni mwenye kitambulisho cha serikali, mkubaliane bei kabla ya kuingia. Pale Taj Mahal gari lenu halifiki hata getini. Magari ya mafuta yanazuiliwa mbali kwa ajili ya moshi, mnapanda vigari vya umeme kutoka maegeshoni. Kwa hiyo chukua namba ya dereva, piga picha ya namba za gari na ya mahali mlipoachana, maana Innova nyeupe zipo mamia na zote zinafanana.

Ulizia pia dereva analala wapi. Hoteli nyingine zina chumba cha madereva, nyingine hazina na analala kwenye kiti akiwa amefungua kioo kidogo. Jirani yangu wa Chumbageni, kampuni aliyoikodi ilimbadilishia dereva usiku Jaipur, akaletewa kijana aliyetoka moja kwa moja kwenye safari nyingine. Kufika asubuhi ya pili kijana anasinzia kwenye usukani. Aliwaambia wasimame, wakanywa chai saa nzima. Ndiyo maana kwenye ule ujumbe wa WhatsApp weka na hili: dereva mmoja safari nzima, na jina lake na leseni yake nitumiwe kabla.

Pesa: tembea na rupia taslimu. Huko hata muuza karanga ana karatasi ya kuskani, lakini mfumo huo kwa kawaida unakwenda na akaunti za benki za kwao, na M-Pesa yako hapo ni mapambo. Kwa kampuni toa malipo ya awali kidogo, sehemu nyingine ulipe mkiwa njiani, na nusu ya mwisho siku ya mwisho.

Siku ya mwisho yenyewe usiibane. Ndege nyingi za kurudi huku zinaondoka Delhi usiku au alfajiri, na mtu hujiambia nitatoka Jaipur asubuhi nifike uwanjani jioni. Inawezekana, lakini foleni ya Gurgaon, mji unaokutana nao kabla ya Delhi, haina adabu na mtu, na dereva akipita saa nne usiku wengi wanaanza kuhesabu malipo ya ziada. Rudini Delhi siku moja kabla, mlale karibu na uwanja. Kuna na njia nyingine: Jaipur ina uwanja wake wa ndege, mnaweza kumaliza safari hapo na kuruka hadi Delhi au Mumbai, lakini gari lazima lirudi kwao tupu, na zile kilomita 280 za kurudi ni juu yenu. Omba bei zote mbili kwa maandishi kabla hujalipia tiketi za ndege.