Kikoba Kinavunjwa Desemba, Akiba Inarudi Sifuri Januari

Ujumbe ulioingia wiki hii ulikuwa mfupi na wenye uchungu: "Nina miaka mitano kwenye kikoba, sijawahi kukosa mwezi hata mmoja, na leo ukiniambia nitoe laki moja yangu sina. Nakosea wapi?" Aliyeandika ananunua hisa tatu za shilingi 10,000 kila mwezi. Mwaka huu amekopa mara mbili, laki tatu kila mara, na kurejesha yote kwa wakati. Mwishoni akauliza kama ajitoe kikobani sasa hivi.

Dada, nidhamu unayo. Tatizo ni kwamba unakidai kikoba kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Kikoba ni chombo cha mzunguko: kinakusanya, kinakopesha, kinavunjwa, watu wanagawana na kuanza upya. Ukichangia miaka mitano hujaweka akiba ya miaka mitano. Umeweka ya mwaka mmoja mara tano.

Tuchukue daftari. Kikundi cha watu 25, wastani wa hisa tatu kwa mwezi kila mmoja, miezi 12: hizo ni hisa 900, yaani shilingi 9,000,000. Tuseme riba iliyoingia mwaka mzima ni 1,260,000 na faini za uchelewaji ni 90,000. Jumla 10,350,000. Gawanya kwa hisa 900 na kila hisa inakuwa na thamani ya 11,500. Mwenye hisa 36 anaondoka na 414,000, ambapo 54,000 ndiyo faida. (Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, haumo humu. Una daftari lake na haugawanywi kwa hisa.)

Ila faida ya kikoba inatoka mifukoni mwa wanachama wenyewe. Mkopo wa 300,000 wa miezi mitatu kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, unakula 15,000 mara tatu, yaani 45,000. Mikopo miwili ni 90,000. Kwa hiyo dada yetu amelipa riba ya 90,000 ili apokee faida ya 54,000, na siku ya mgao atapiga vigelegele. Kama katiba ya kikundi ingesema riba ihesabiwe kwa deni lililobaki, mkopo uleule, ukirejeshwa laki moja kila mwezi, ungemgharimu 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla 30,000. Kipengele hicho kinaamuliwa kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko, siku ambayo wengi wanachelewa kufika kwa kuwa hakuna fedha inayotolewa.

Kuna mambo mengine mawili yanayopunguza mgao bila mtu kuona. La kwanza ni deni bovu. Kwenye mfano wetu, mwanachama mmoja akihama mtaa na 600,000, kila hisa inashuka kutoka 11,500 hadi kama 10,833, na mwenye hisa 36 amepoteza 24,000 bila kugusa chochote. Ndiyo maana vikundi vinavyoendeshwa vizuri vinafunga mikopo mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya kuvunja, ili fedha yote iwe imerudi sandukuni. La pili ni hisa za mwishoni. Hisa ya Februari imezunguka kwenye mikopo karibu mwaka mzima, ya Novemba imezunguka wiki chache, lakini siku ya kuvunja zote zinalipwa sawa. Ukiona mtu ananunua hisa moja moja mwaka mzima, halafu Oktoba na Novemba ananunua tano tano, jua anafaidi jasho la wenzake. Wekeni ukomo wa hisa kwa kikao na msimruhusu mtu kufidia miezi iliyopita.

Turudi kwenye 414,000. Zinakwenda wapi kila mwaka? Kwa familia nyingi za mjini jibu liko kwenye kalenda. Sare, viatu na madaftari ya watoto wawili mwezi Januari, tuseme 180,000. Sikukuu, 150,000. Nauli ya kwenda kijijini na kurudi, pamoja na vya kubeba, 240,000. Jumla 570,000, na hapo kodi ya pango hatujaigusa. Mgao una wenyewe kabla haujafika. Hakuna ubadhirifu hapo na wala usijilaumu. Matumizi hayo yanakuja kila mwaka, tarehe zilezile, na watu wanayaita dharura. Dharura ni mtoto kulazwa au pikipiki kuharibika injini. Shule kufunguliwa Januari si dharura.

Kwa hiyo kikoba kipewe kazi kinayoiweza: kulipia mambo ya kalenda. Andika kila kitu kinachojirudia kwa mwaka, jumlisha, gawanya kwa 12, halafu nunua hisa zinazolingana. Hisa nne kwa mwezi badala ya tatu zingetoa 552,000 kwa thamani ileile ya 11,500, na pengo la kufika 570,000 lingekuwa 18,000 tu. Kodi ya pango itenge peke yake. Ukilipa miezi sita kwa mkupuo kwa nyumba ya 120,000, unahitaji 720,000 mara mbili kwa mwaka, na kikoba kinachovunjwa mara moja hakiwezi kukusaidia mwezi Juni. Hapo ndipo mchezo, au upatu, ambapo wote mnachanga na mmoja anachukua zote kwa zamu, unapofaa, mradi upange zamu yako iangukie mwezi wa kodi na kijumbe, yaani anayekusanya michango, awe mtu ambaye mnajua anapoishi. Mchezo hauna riba. Anayepokea mwanzoni amekopeshwa bure, anayepokea mwisho amewakopesha wenzake bure, na bei za sokoni hazikumsubiri.

Baada ya hapo ndiyo tuzungumze akiba yenyewe, ile isiyovunjwa. Inahitaji mahali penye sifa tatu: haigawanywi Desemba, inazaa, na kuitoa kunachukua siku kadhaa ili tamaa ya Jumamosi ipite. Kibubu kinakosa ya pili na ya tatu. Akaunti ya kawaida ya benki yenye kadi inakosa ya tatu, na riba yake ni ndogo, halafu inakatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 10.

Kwa Tanzania, mahali panapomfaa mtu wa kiasi kidogo ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, na bei ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi. Ila soma mfuko kabla ya kuingia. Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005, unachanganya hisa za makampuni na hati fungani (mikopo ya muda mrefu inayolipa riba), hivyo soko la hisa likishuka na kipande kinaweza kushuka. Mfuko wa Ukwasi unakaa kwenye amana za benki na dhamana za serikali na ndio mzuri kwa fedha ya dharura, maana ukitaka kuuza unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Hati fungani ya serikali unayoinunua mwenyewe kwenye mnada wa Benki Kuu inaanzia shilingi milioni moja na hulipa riba kila miezi sita. Ifikirie ukishafika huko, usikope kikoba ili kuifikia.

SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, nayo inafaa, hasa ya kazini ambako makato yanafanyika kwenye mshahara. Uliza tu fedha yako inaingia kwenye kapu gani. Hisa ni mtaji, hutoi ovyo. Akiba ni ile inayobeba mkopo wako, kwa kawaida unaichukua ukijitoa uanachama. Amana ni ya hiari na unaweza kuitoa. Watu wengi wanagombana na karani kwa sababu walidhani yote ni kitu kimoja. Uliza pia leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS ziko daraja la tatu na vikundi vya kijamii kama kikoba chenu viko daraja la nne, na vyote vinatakiwa kusajiliwa. Kikundi kisichosajiliwa kikidhulumiwa kinabaki na daftari na machozi.

Kiasi gani? Anza na 20,000 kwa mwezi. Miaka mitano ni 1,200,000 ya mfukoni mwako. Tukikadiria ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka, inafika kama 1,550,000. Ni makadirio, si ahadi, mwaka mwingine utakuwa chini ya hapo. Weka siku ileile mshahara unapoingia, kwa agizo la kudumu la benki kama benki yako inaruhusu. Kama kipato chako ni cha kila siku, mama lishe au bodaboda, sahau mwezi. Tenga 1,000 kila jioni kwa siku 26, utapata 26,000, lakini usitume kila siku kwa simu. Makato ya miamala yatakula akiba yako. Kusanya, tuma mara moja.

Lengo la kwanza liwe matumizi ya mwezi mmoja ya nyumba: chakula, pango, nauli, umeme. Mkiwa wawili, mwenzako ajue kiasi hicho na kilipo. Akiba ya siri huzaa madeni ya siri upande wa pili.

Na swali lako la mwisho, dada, kama ujitoe kwenye kikoba sasa hivi. Hapana, subiri kivunjwe. Katiba nyingi humrudishia anayetoka katikati ya mzunguko hisa zake tupu, bila faida, na wakati mwingine mpaka Desemba ifike. Kabla ya siku ya mgao fungua huo mfuko na ununue vipande vya kwanza, hata vya kima cha chini tu, ili namba ya akaunti iwepo kwenye simu. Ukishapokea 414,000, lipia sare na madaftari kwanza. Katika 234,000 zitakazobaki, tuma 50,000 ukiwa bado umekaa kikaoni.