Jumapili tunatoka mlango mmoja, tunaelekea makanisa matatu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Mume wangu ni Mmoravian wa Tukuyu, na huko ndiko tulikofungia ndoa miaka 18 iliyopita. Mimi ni Mlutheri wa Njombe, na usharika wangu sikuuacha kwa sababu ya kwaya ya akina mama. Binti yetu wa miaka 17 ameokoka, anasali na vijana wenzake kwenye kanisa jipya. Mume ni dereva wa lori la viazi, akirudi Jumamosi usiku, kesho yake mara nyingi analala tu. Nyumbani hatujakaa kusali pamoja tangu mama mkwe afariki, maana yeye ndiye alikuwa anatuita. Juzi mdogo wetu wa miaka 9 ameniuliza, "Mama, kwani sisi tunasali wapi?" Nikakosa jibu. Nikimwambia baba yake, anasema kila mtu anamwomba Mungu moyoni mwake. Nifanyeje?*

*Mama wa Watatu, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwa huyo mdogo. Hakuuliza kanisa lipi ni la kweli. Ameuliza "sisi". Ameshaona kwamba baba ana pake, mama ana pake, dada ana pake, na yeye anachukuliwa na yeyote anayewahi kutoka.

Mumeo hajasema uongo. Mungu anamsikia dereva aliye peke yake saa nane za usiku, na naamini mtu wa barabara ile anaomba sana. Lakini maombi ya moyoni mtoto hayaoni. Paulo akimwandikia Timotheo anaitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Nyumba yenu nayo ilikuwa na Loisi wake, mkamzika, na aliyekuwa anawaita akawa hayupo.

Mimi nimekulia kijijini upande wa Mufindi. Jumapili baba alitangulia, mama nyuma na mtoto mgongoni, sisi wengine katikati, na mmoja wetu lazima abebe sadaka ya nyumbani. Siku moja zamu ilikuwa yangu, nikabebeshwa jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alinipiga mabawa usoni njia nzima, ukungu haujaisha, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Baada ya ibada ukaja mnada nje ya kanisa. Mzee wa kanisa akamwinua jogoo wangu juu, bei ikapanda, ikapanda, na mwisho aliyemnunua akawa baba. Tukarudi naye nyumbani. Mahubiri ya siku ile sikumbuki hata neno moja, ila namkumbuka baba akihesabu fedha mbele ya watu kwa ajili ya jogoo ambaye asubuhi alikuwa wake. Hapo ndipo nilipojua kutoa ni nini, na hakuna aliyeketi kunieleza.

Halafu tukakua, ndugu sita, tukatawanyika makanisa manne. Hatukugombana, tulikuwa tu hatukutani kusali. Baba alipofariki, jeneza liko uwanjani, sisi tuko nyuma ya nyumba tunabishana nani aongoze ibada na uimbwe wimbo gani, mpaka waliochimba kaburi wakaja kuuliza kama bado. Watoto wa mkeka mmoja tulishindwa kukubaliana wimbo wa kumzikia baba yetu! Nikikumbuka, machozi yananitoka hadi leo. Ndiyo maana barua yako sikuiweka pembeni.

Kwa hiyo usianzie Jumapili. Ukianzia Jumapili umeanzia kwenye ubishi wa kanisa la nani. Anzia sebuleni, jioni moja ya wiki ambayo mumeo yupo, mkishakula, vyombo bado viko mezani na televisheni haijawashwa. Imbeni tenzi moja mnayoijua wote, nazo zipo nyingi, kwani Mmoravian, Mlutheri na mlokole wanaziimba zilezile. Someni mstari mmoja, salini kwa ufupi, basi. Dakika kumi zinatosha. Wengi wanaua ibada ya nyumbani kwa kuifanya saa nzima siku ya kwanza. Watoto wanasinzia, na wiki ya pili kila mtu ana kazi ya kufanya.

Huo mstari asome mumeo. Huenda hajawahi kukusimulia, lakini jambo hili ni urithi wa kanisa lake. Wamoravian wa Herrnhut kule Ujerumani walianza mwaka 1728 kupewa neno la siku, na ndugu walilipeleka nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 likaanza kuchapwa kitabu cha mwaka mzima, na mpaka leo linachapwa, hata wasio Wamoravian wanalisoma. Mwulize kama mama yake alikuwa na kalenda ya neno la siku, na kama ipo imewekwa wapi. Mwanamume anayekataa kuburutwa kanisani anaweza kukubali kushika Biblia iliyoshikwa na mama yake.

Sasa nikuonye, na hili nimeliona kwenye nyumba nyingi. Usisali kwa kumsema. Sala yenyewe unaijua: "Ee Bwana, mguse baba wa nyumba hii, umwondolee usingizi wa Jumapili, aione njia ya nyumba yako." Mwenzio amefumba macho, mikono iko magotini, na hawezi kujibu kwa sababu anayeambiwa ni Mungu. Watoto nao wanajua nani anasemwa. Akisemwa hivyo mara mbili, jioni ya tatu atakuwa nje anakagua matairi. Wewe mshukuru Mungu kwa ajili yake. Itaje milima aliyopita, Kitonga, Mlima Nyoka, uitaje kwa majina watoto wakisikia, kwamba baba amepita huko akarudi salama. Na usimtume mchungaji aje kumwona bila yeye kujua. Ataona umemshtaki.

Binti usimkataze. Umri wa miaka 17 ukimkataza atakwenda kwa siri, na imani aliyoipata atadhani ni vita na wewe. Mwachie yeye kuanzisha wimbo nyumbani. Lakini nenda naye siku moja ukawaone hao anaosali nao, ujue mkesha unaisha saa ngapi na nani anamrudisha. Wakimfundisha kwamba wazazi wake si watu wa Mungu kwa kuwa hawasali kwao, hapo kaa naye chini, wewe na baba yake, mzungumze bila kupiga kelele.

Jioni hizo zikishazoeleka, mwezi au miwili, ndipo mzungumze Jumapili. Mwandishi wa Waebrania, sura ya 10, anasema "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine". Kumbe hata wakati ule walikuwepo walioanza kuacha, kwa hiyo mumeo si wa kwanza, msimfanye kioja. Tengeni Jumapili moja tu kwa mwezi ambayo wote watano mnakaa benchi moja. Hata kama ni ibada ya pili, ili baba alale kidogo.

Kanisa lipi? Hapa nitasema wazi. Mtoto wa miaka 9 anahitaji Sunday school moja na watu wanaomjua kwa jina, na miaka michache ijayo anatakiwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Hawezi kulelewa na makanisa matatu kwa zamu. Kaeni wawili mchague ni wapi huyu atakua, na asishinde mtu kwa sababu ni baba au kwa sababu ni mama. Angalieni ni wapi mnaweza kufika wote bila kusukumana. Ikiwa ni Moravian, usihesabu kwamba umeshindwa. Wamisionari wa Moravian na Walutheri wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka mmoja, 1891, wakagawana eneo la kazi. Makanisa yenu ni majirani wa siku nyingi. Mazoezi ya kwaya utaendelea nayo, na ikiwa ni kwenu, yeye naye ana haki ya kwenda kwao Pasaka na wanawe wote nyuma yake.

Na wiki ambayo yuko safarini, jioni yenu isife. Akishaegesha gari Makambako au Mikumi, mpigieni, simu iwekwe mezani kwa sauti, asome mstari akiwa hukohuko. Simu aishike mdogo. Kisha niandikie, uniambie safari hii ameuliza nini.