Kikundi Kinanivutia, Lakini Mume Wangu Anauliza Kuhusu Mtihani

SWALI

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka tisa aliye Gredi ya 4 na mvulana wa miaka sita. Jirani yangu amenikaribisha katika kikundi cha familia saba zinazosomesha watoto wao nyumbani. Hukutana Jumanne na Alhamisi, wazazi wakifundisha kwa zamu, na siku nyingine kila familia huendelea na masomo kwake. Wanafuata falsafa ya mwalimu mmoja Mwingereza wa zamani, Charlotte Mason, nami nimepewa karatasi ya kurasa nne inayoieleza, ambayo ni lazima mimi na mume wangu tuitie sahihi kabla ya kupokelewa. Nilihudhuria asubuhi moja nikaona watoto wakisomewa hadithi, wakaisimulia upya bila kutazama popote, kisha wakatoka nje kuchora majani. Binti yangu hurudi nyumbani na kazi ya ziada inayomkalisha mezani hadi saa tatu usiku, na nilitamani awe miongoni mwao.

Mume wangu hapingi, ila ana maswali mawili niliyoshindwa kuyajibu: je, serikali inaruhusu, na mtihani watafanyia wapi? Mama mkwe anasema ninataka kuwaficha watoto. Nami nina langu: ikiwa ninakubaliana na nusu tu ya yaliyoandikwa katika karatasi ile, nitie sahihi?

Mama wa Wawili, Ruiru

JIBU

Mama wa Wawili, nianze na mume wako, kwa kuwa maswali yake ndiyo yasiyoweza kungoja. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi isiyolipiwa na iliyo ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri, bila kukosa. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Sheria hiyo haikuweka mlango wenye jina la elimu ya nyumbani. Zipo familia zinazosomesha watoto nyumbani miaka nenda miaka rudi bila kubishiwa hodi, na wapo wazazi waliokamatwa na kushtakiwa. Kwa hiyo jirani akikuambia kwamba ni halali kabisa, au kwamba hakuna anayejali, atakuwa amekupunguzia habari. Waulizeni viongozi wa kikundi, mume wako akiwapo, kama kimeshikamana na shule yoyote iliyosajiliwa, na kama afisa wa elimu wa eneo lenu anajua kwamba kipo.

Swali la mtihani ni zito kuliko lilivyokuwa zamani za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ambapo hesabu nzima ilimalizwa kwa siku tatu. Sasa alama za kumpeleka mtoto sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, hukusanywa kwa miaka: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka tathmini ya Gredi ya 9. Alama hizo hufika kwa Baraza la Mitihani kupitia shule ambayo mtoto amesajiliwa. Binti yako akiondoka Gredi ya 4 pasipo jina lake kubaki katika shule yoyote, atakuwa ametoka kwenye njia hiyo kabla hata ya tathmini ya Gredi ya 6, na kumrudisha baadaye kutakuwa ni kupiga magoti katika ofisi ya mwalimu mkuu mmoja baada ya mwingine. Njia ya pili, ambayo wengi wa wazazi hawa huifuata, ni mitihani ya kigeni kama IGCSE, ambayo mtahiniwa anaweza kuifanya bila kuwa na shule, lakini kila somo hulipiwa lake na ada si ya kuokoteza. Chagueni njia kwanza. Kikundi kisichoweza kukutajia mtoto wake mmoja aliyefika mwisho wa njia yoyote kati ya hizo mbili, mimi nisingekikabidhi binti wa Gredi ya 4.

Sasa nije kwenye falsafa, ambayo naona ndiyo iliyokuteka moyo. Charlotte Mason aliishi kati ya mwaka 1842 na 1923, na mwaka 1892 alifungua chuo cha kuwafunza walimu huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza. Aliamini kwamba mtoto ni mtu kamili tangu kuzaliwa, na si debe la kujazwa. Kwa sababu hiyo alitaka asomewe vitabu vizuri vyenyewe badala ya muhtasari, vipindi vya wadogo visizidi kama dakika 20, mchana utumike nje kutazama viumbe na mimea, na mtoto aonyeshe alichokielewa kwa kukisimulia kwa maneno yake. Hilo la mwisho halikuhitaji kuletwa kwetu kwa meli. Aliyelelewa na bibi wa kuanza na "Paukwa!", kisha kesho yake akatakiwa kuwahadithia wadogo zake ngano ile ile, amepitia somo hilo.

Usimulizi, hata hivyo, una gharama. Nilipokuwa na darasa la watoto zaidi ya 50 niliwahi kuujaribu muhula mzima, na wasimulizi walikuwa watano wale wale kila siku, wengine wakiwatazama. Unahitaji watoto wachache na mtu mzima aliyekisoma kitabu kabla yao, anayeweza kuketi akasikiliza bila kumkatiza mtoto anapokosea. Mtu mzima huyo atakuwa wewe, siku tatu nyumbani na zamu yako kikundini. Hukuniambia kama una kazi ya mshahara. Ikiwa unayo, karatasi hiyo si ya kutiwa sahihi mwaka huu.

Kuhusu sahihi yenyewe, kumbuka kwamba familia saba hazina mwalimu mkuu. Siku mzazi mmoja atakapotaka watoto wapewe mtihani kila wiki na mwingine akatae, karatasi ile ndiyo itakayoamua, na ndiyo maana wanaishikilia. Isome upya ukiwa na kalamu, utenge yanayohusu namna ya kufundisha na yanayohusu mtoto ni nani, aadhibiwe vipi na afundishwe imani gani. Ukitofautiana nao kuhusu urefu wa kipindi au matumizi ya televisheni, utazoea. Ukitofautiana nao kuhusu adhabu au dini, utaondoka kabla ya Desemba, na watoto wako watakuwa wamepoteza marafiki mara mbili. Usitie sahihi ukiwa na nusu moyoni. Waambie usilokubaliana nalo ungali mgeni, kwa sababu wakishindwa kulisikia sasa, hawatalisikia ukishakuwa mwenzao.

Nina jambo langu ambalo hukuliuliza. Omba uione orodha ya vitabu vyao, uhesabu vya Kiswahili. Vikundi vya namna hii hupenda kufuata orodha za Uingereza na Marekani, na mtoto wa Ruiru hujikuta akichora ndege wa huko ilhali kwarara wanapiga kelele juu ya paa na minana wanasuka viota langoni. Kiswahili ni somo la lazima katika tathmini za taifa, nalo halijifundishi lenyewe kwa sababu tu mtoto hulisikia dukani.

Mama mkwe ana hoja, hata kama ameisema kwa ukali. Watoto wa familia saba zenye karatasi moja watakua wakidhani watu wote hufikiri hivyo. Wasitolewe kwenye mpira wa mtaani wala kwaya ya kanisa, kama wamo. Kisha muulizeni mama mwenyewe kama atakubali kuja Alhamisi moja kuwatolea watoto hadithi, kwa lugha atakayoipenda.

Mimi nisingemwondoa mtoto yeyote shuleni muhula huu. Ombeni kushiriki likizo za Aprili na Agosti, iwapo kikundi hukutana wakati huo, na itafuteni familia iliyowahi kujitoa mkaisikilize. Mume wako naye akae nyuma ya chumba asubuhi nzima kabla ya kushika kalamu, maana kwa nijuavyo mimi vikundi hivi, zamu ya hisabati itamwangukia yeye.