Kwanza hakikisha hamira yako ina njaa kweli

Wewe unayeingia maabara ya hamira na kukabidhiwa jeni ya ATG8, nakuomba jambo moja: kabla ya kuishughulikia jeni, ishughulikie njaa.

Hamira ikikosa naitrojeni huanza kujila. Hufunga vipande vyake ndani ya vifuko vya utando na kuvipeleka kwenye vakuoli, ambako vimeng'enya huvisaga vitumike upya. Protini ya Atg8, inayotokana na jeni hiyo ya ATG8, hujibandika kwenye vifuko hivyo, na sehemu yake humezwa navyo. Ndiyo maana tunaiunganisha na GFP, protini inayong'aa kijani. Atg8 ikisagwa, GFP hubaki kwa kuwa ni ngumu kusagika, na ukiipima hiyo iliyobaki unajua seli zimejila kiasi gani.

Mwaka wangu wa kwanza nilifuta jeni moja, nikaitia hamira njaa kwa saa mbili, nisione GFP huru, yaani ile inayobaki Atg8 ikisagwa, hata chembe. Niliamini nimegundua kitu. Wiki tatu baadaye niliweka hamira ya kawaida kando yake, nayo ikatoa jibu lile lile! Nilikuwa naosha mara moja tu, na mabaki ya YPD, ile lishe nono tunayokuzia hamira, yamejaa asidi amino. Kwa seli, hiyo bado ni shibe: TORC1, kundi la protini linalohisi shibe, inaendelea kufanya kazi na kuizuia protini ya Atg13 isimwamshe mwenzake Atg1, anayeanzisha kujila.

Kwa hiyo osha mara mbili kwa SD-N, lishe isiyo na naitrojeni, hamishia kwenye chupa mpya, ndipo uanze kuhesabu saa. Glukosi ya 2% iache humo humo. Njaa ya sukari ni habari nyingine kabisa. Na kila mara, narudia, kila mara, weka hamira ya kawaida na ile isiyo na jeni ya ATG1, isiyoweza kujila. Bila hizo mbili huna jibu.

Kisha omba hamira isiyo na jeni ya PEP4. Vimeng'enya vya vakuoli yake havifanyi kazi, hivyo vifuko havisagwi. Ni kwa hamira za namna hii Yoshinori Ohsumi, aliyepewa Nobel mwaka 2016, aliona mchakato huu kule Tokyo kwa darubini ya kawaida ya mwanga, akauchapisha mwaka 1992. Itie njaa asubuhi, uitazame baada ya saa tatu: vakuoli imejaa vidoa vya duara vinavyotikisika bila kutulia.